Nyota Yenye Tarehe ya Kuzaliwa

Umri wa Jua tunaujua kwa sababu tuna mawe. Baadhi ya vimondo vilivyoanguka duniani vina chembe zilizoganda wakati Jua linazaliwa, na urani iliyomo ndani yake imekuwa ikigeuka kuwa madini ya risasi tangu siku hiyo, kwa mwendo usiobadilika. Ukipima risasi iliyopo na urani iliyobaki, hesabu inakupa miaka bilioni 4.57. Nyota nyingine zote hatuna jiwe lao mkononi. Tunazitazama kwa mbali tu, na nyota ya aina ya Jua ikishakomaa hukaa mabilioni ya miaka bila kubadilika sana. Ukiuliza umri wa nyota ya kawaida iliyo peke yake angani, mara nyingi jibu linakuja na shaka ya miaka bilioni moja au mbili kwenda juu au chini.

Kwangu hilo lilikuwa jambo la kushtua. Tunaweza kupima joto la nyota, uzito wake, umbali wake, hata chuma kilichomo ndani yake, lakini umri unatukimbia. Na kazi yangu imenifundisha kwamba kipimo bila umri hakisemi kitu. Ndiyo maana nataka kuwaeleza juu ya nyota moja ambayo umri wake unajulikana.

Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kliniki ya watoto huku Eastlands, Nairobi. Asubuhi moja aliingia bibi mmoja akiwa na msichana mdogo mgongoni, hana kitabu cha kliniki. Mama yake mtoto alikuwa amesafiri kutafuta kazi na kitabu kikaenda naye. Tukamtundika mtoto kwenye mizani: kilo 6.3.

"Ana miezi mingapi, shosho?"

"Hapo sasa, sista, sikudanganyi. Ni kadogo tu."

Kilo 6.3 kwa msichana wa miezi minne ni sawa kabisa, unamtuma nyumbani na tabasamu. Kilo hizohizo kwa msichana wa miezi tisa ni jambo la kushughulikia siku hiyohiyo. Nikawa nimeshika kalamu juu ya mchoro wa ukuaji na sijui pa kuweka nukta. Kilichotuokoa ni mama mwingine kwenye foleni, jirani yake bibi, aliyesimama na kusema, "Sista, huyo na wangu walizaliwa wiki moja, wodi moja. Wangu kitabu anacho." Tukafungua kitabu cha mtoto wa jirani. Miezi tisa kasoro siku chache. Nukta ikapata mahali pake, na yule msichana akapata alichohitaji.

Wataalamu wa nyota hufanya hivyohivyo. Nyota nyingi huzaliwa pamoja, mamia kwa maelfu kutoka katika wingu moja la gesi, na kwa muda husafiri pamoja kabla ya kutawanyika. Kundi la namna hiyo huitwa kundi wazi. Ukijua umri wa kundi, umejua umri wa kila aliyemo, hata yule asiyeonyesha chochote usoni. Na umri wa kundi unapatikana, kwa sababu nyota nzito hula mafuta yake haraka na kuvimba mapema, nyepesi hudumu. Unatazama kundi zima, unaona ni nyota za uzito gani ndizo zinaanza kuondoka kwenye mstari wa ujana, basi umesoma saa.

Kundi wazi lililo karibu nasi kuliko yote linaitwa Hyades. Liko umbali wa miaka 153 hivi ya mwanga, na umri wake hukadiriwa kati ya miaka milioni 625 na 700. Kwa maisha ya nyota, huo ni utoto. Nawaombeni mlitazame, kwani kutoka Nairobi linaonekana vizuri kuliko linavyoonekana Ulaya, huku linapita karibu na utosi. Subiri Januari, mvua za vuli zikiwa zimekwisha na anga imetakata. Kati ya saa mbili na nusu na saa nne usiku panda juu ya paa, penye kamba za nguo, geukia kaskazini na uinue uso. Upande wa kushoto utaona Kilimia, kile kishungi kidogo ambacho wazee wa pwani walikitumia kuhesabu majira: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kulia yake, juu kidogo, kuna nyota zilizojipanga kama herufi V. Hiyo V ndiyo Hyades. Ile nyota kubwa ya rangi ya machungwa kwenye ncha moja ya V, Aldebaran, si ya ukoo huo. Iko miaka 65 tu ya mwanga, imesimama mbele yao tu. Ncha ya pili ni Ain, na hiyo ni ya ukoo kweli. Mwaka 2007 wanaastronomia wa Japani waligundua kwamba Ain inazungukwa na sayari kubwa mno, yenye uzito wa zaidi ya Mshtarii saba. Ilikuwa sayari ya kwanza kupatikana ndani ya kundi wazi, na nyota yake unaiona kwa macho matupu ukiwa Kayole, taa za barabarani zikiwaka.

Sasa kutoka Ain, teremsha jicho kuelekea upeo wa kaskazini kwa upana wa vidole viwili au vitatu vya mkono ulionyooshwa. Hapo hutaona kitu. Ndipo ilipo nyota ninayotaka kuizungumzia. Inaitwa K2-136. Ni ndogo kuliko Jua, uzito wake ni kama robo tatu ya Jua, rangi yake inaelekea machungwa, na ina mwenzake mdogo mwekundu aliye hafifu sana. Iko nyuma kidogo ya katikati ya kundi, miaka 190 na kitu ya mwanga. Mwanga unaofika leo uliondoka huko kabla ya reli, kabla ya kambi ya 1899 iliyokuja kuwa jiji hili. Na mbele ya uso wa nyota hiyo hupita sayari tatu.

Namna zilivyopatikana inanigusa, kwa sababu zilipatikana kwa chombo kilichoharibika. Darubini ya angani ya Kepler ilirushwa Machi 2009 ikaelekezwa sehemu moja ya anga, izikodolee macho nyota zaidi ya 150,000 bila kupepesa. Ilikuwa na magurudumu manne ya kuishika isitikisike, na yalihitajika angalau matatu. Moja lilikufa 2012, la pili Mei 2013. Wengi waliiona imekwisha. Wahandisi wakagundua kwamba wakiigeuza ipokee msukumo wa mwanga wa Jua kwa usawa pande zote, magurudumu mawili yaliyobaki yanatosha. Sharti likawa moja: itazame tu ule ukanda ambao Jua na sayari zetu hupita, tena kwa siku 80 hivi kila sehemu, kisha ihamie nyingine. Na makundi wazi mashuhuri yamo humohumo kwenye ukanda huo au kando yake tu: Kilimia, Hyades, Praesepe. Darubini isiyoharibika isingeyatazama kamwe. Mwaka 2014 kazi mpya ilianza, ikaitwa K2, na kati ya Machi na Mei 2017 zamu ya sehemu yenye K2-136 ikafika. Kabla mwaka haujaisha timu tatu tofauti zilikuwa zimeona kitu kilekile.

Vipimo vyote vya K2 ni vya wazi, mtu yeyote mwenye intaneti huvipakua bure. Mpwa wangu anasoma fizikia chuoni, na usiku mmoja alinifungulia mchoro wa nyota hii kwenye kompyuta yake. Natamani kila mtu angeuona. Ni nukta nyeusi, nukta moja kwa kila nusu saa, maelfu yake, zimepangwa kutoka kushoto kwenda kulia kwa siku 80. Kwanza huoni sayari yoyote. Unaona mawimbi: mwanga unapanda pole pole, unashuka pole pole, unapanda tena, duru moja kwa siku 15 hivi. Hayo ni madoa meusi kwenye uso wa nyota, yakigeuka kuja upande wetu na kuondoka. Nyota changa huzunguka haraka na hujaa madoa, na hiyo ndiyo taabu ya kuzitafutia sayari. Mtafutaji anatafuta kivuli kidogo mno juu ya uso usiotulia.

Akanyoosha mawimbi kwa hesabu, mchoro ukalala bapa, akaukuza. "Shangazi, angalia hapa." Palikuwa na nukta sita au saba zimeshuka chini ya wenzake, zimekaa hapo, kisha zimerudi. Ni saa tatu na nusu hivi za muda halisi. Nyota imepoteza sehemu kama 16 katika kila 10,000 za mwanga wake, kwa sababu sayari imepita mbele. Siku 17 na kidogo baadaye, kishimo kilekile, kina kilekile. Tena baada ya siku 17. Nilikaa nikikitazama mpaka uji ukaota ngozi juu.

Hiyo iliyopita ni ile ya katikati, inayoitwa c. Kipenyo chake ni mara tatu ya Dunia. Ile ya ndani, b, huzunguka kwa siku 8 pungufu kidogo na ukubwa wake ni sawa na Dunia yetu, tofauti haipimiki. Ya nje, d, huzunguka kwa siku 25.6 na ni kubwa kuliko Dunia mara moja na nusu hivi. Zote tatu zingeenea ndani ya njia ya Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na Jua letu, na nafasi ikabaki. Ni kwenye joto kali, sidhani kuna anayetafuta uhai pale, na kwa maoni yangu wanaozipima sayari zote kwa swali hilo moja wanapitwa na mengi.

Kinachofanya K2-136 iwe ya thamani ni ule umri. Kepler na darubini zilizofuata zimetupatia maelfu ya sayari, na mwaka 2017 kundi moja la watafiti lilipozipanga kwa ukubwa wakakuta pengo: zipo nyingi za hadi mara moja na nusu ya Dunia, zipo nyingi za mara mbili na zaidi, katikati hapo ni chache. Maelezo yanayokubalika ni kwamba nyingi huanza zote zikiwa na blanketi nene la hidrojeni. Zilizo karibu na nyota au nyepesi huvuliwa blanketi hilo na kubaki jiwe tupu. Nzito hubaki nalo. Ubishi ni juu ya nani anayevua na lini. Wengine wanasema ni mionzi mikali ya nyota changa, na kazi kubwa humalizika katika miaka milioni 100 ya kwanza. Wengine wanasema ni joto la ndani ya sayari yenyewe lililobaki tangu kuumbwa, linalosukuma gesi itoke taratibu kwa miaka bilioni nzima. Huwezi kuamua kwa kutazama nyota za wazee, ambako kila kitu kimekwisha kutokea. Unahitaji watoto wa umri unaojulikana, kila rika. Hata mchoro wa ukuaji tunaoutumia kliniki haukutokana na mtoto mmoja aliyefuatwa maisha yake yote, ulitokana na watoto wengi, kila mmoja na tarehe yake.

Na watoto hao wanaanza kupatikana. Upande uleule wa anga kuna V1298 Tau, nyota ya miaka milioni 20 na kitu tu, yenye sayari nne zilizovimba, zote kubwa kuliko Neptuni. Ndani ya Hyades kwenyewe kuna K2-25, nyota nyekundu ndogo yenye sayari ya mara tatu na nusu hivi ya Dunia, iliyotangazwa 2016, inayozunguka kwa siku tatu na nusu kwenye njia iliyopinda sana. Kule NGC 6811, kundi la miaka bilioni moja, kuna Kepler-66 na Kepler-67, kila moja na sayari yake. Ukiziweka kwenye karatasi moja kwa umri, unaanza kuona kitu kinasinyaa.

Makundi haya yalitupatia saa nyingine pia. Mwaka 1972 Andrew Skumanich alilinganisha Kilimia, Hyades na Jua akaona kwamba nyota za namna hii hupunguza mzunguko kadiri zinavyozeeka, kwa kanuni nyepesi: umri ukizidi mara nne, kasi inabaki nusu. Jua huzunguka kwa siku 25 hivi pale ikweta, K2-136 kwa 15. Leo nyota isiyo na ukoo unaojulikana hukadiriwa umri kwa kanuni hiyo, na kanuni yenyewe ilikopwa kwa hawa waliozaliwa pamoja.

Nirudi kwenye mionzi, kwa sababu hapo Kenya inaingia na ningependa tuijue hadithi hii. Nyota changa ya aina ya Jua hutoa eksirei mara mamia kuliko Jua la leo, na eksirei ndiyo inayopasha joto angahewa ya sayari hadi itoroke. Lakini eksirei za angani hazifiki ardhini, hewa yetu huzizuia, na ni salama yetu. Kuziona sharti upande juu. Setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo ya eksirei za anga ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, nchi ikitimiza miaka saba ya uhuru. Wamarekani na Waitaliano waliokuwa na mradi huo wakaipa jina Uhuru. Ilitengeneza orodha ya vyanzo 339 vya eksirei, na Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo ya eksirei alipata tuzo ya Nobel 2002. Waliifuata ikweta kwa sababu Dunia hapa huzunguka kwa kasi zaidi na hukisaidia chombo kupaa, na pia kwa sababu njia ya juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya ukanda wa chembe zilizonaswa na usumaku wa Dunia, zinazovuruga vipimo. Mimi nilimaliza shule bila kusikia neno hata moja juu ya hilo. Ningependa mtoto wa darasa la saba pale Malindi aambiwe, na wa Nairobi pia.

Sasa, c imeshapimwa uzito. Mwaka 2023 watafiti walichapisha jibu: mara 18 ya Dunia. Neptuni ina uzito wa mara 17, lakini kipenyo chake ni karibu mara nne ya Dunia, na c ni mara tatu. Yaani c imebeba uzito wa Neptuni ndani ya mwili mdogo zaidi. Hiyo ni moja ya sayari chache za umri unaojulikana tulizopimia ukubwa na uzito pamoja, na uzito huo unasema bado ina gesi, ila si nyingi. Walipima kwa kuitazama nyota inavyoyumba: c huivuta kwa mita tano na kitu tu kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbilia matatu.

Lakini ninayeisubiri ni b. Ina ukubwa wa Dunia na umri ambao Dunia ilikuwa nao karibu miaka bilioni 3.9 iliyopita, kipindi ambacho karibu hakijatuachia jiwe. Ni moja ya sehemu chache tunazoweza kuuona utoto wetu, ingawa hii ni ya moto zaidi. Ikiwa ni jiwe kama letu, uvutano wake juu ya nyota haufiki hata nusu mita kwa sekunde, na madoa ya nyota huchezesha kipimo kwa mita kadhaa. Mpaka sasa kilichopo ni kikomo cha juu tu, yaani haiwezi kuzidi uzito fulani. Wanaoishughulikia wanajaribu kuyajua madoa yenyewe vizuri zaidi, kwa kupima mwanga na kuyumba usiku uleule, ili wayatoe kwenye hesabu. Mpwa wangu anasema anataka huo ndio uwe mradi wake wa mwisho chuoni, sehemu ya madoa, kwa nukta zilezile za 2017. Ameshaanza kuandika programu yake, na jioni nikitoka zamu huwa namkuta sebuleni ananingojea anionyeshe alipofika.